Kumvua Bi Mkubwa

Jumatatu, 3 Machi
Nimeinama kama ndoano asubuhi nzima, simu mkononi, nikirekodi mikono ya shangazi ikichomoa misumari kwenye sofa. Video nyingine hiyo. Kasema tena: mwisho wa mwezi anafunga karakana yake ya sofa, anahamia kwa mwanawe mhasibu. "Labda huo mtandao wako uniletee mteja. Mmoja tu, mwanangu, aliye hai." Huo mtandao wangu! Tovuti tunayo tangu mwaka jana. Anayeingia ni mimi, kuangalia kama kuna aliyeingia.

Jumanne, 4 Machi
Nimeng'amua kitu. Watu hawatafuti tovuti, wanatafuta jambo lao. Basi video ibebe maneno ya watu, chini yake niweke anwani ya tovuti yetu na namba ya simu. "Ukarabati wa samani" — nani anaongea hivyo? Nimeandika kama tunavyosema hapa kazini, ambapo sofa kubwa ni Bi Mkubwa na kutoa kitambaa ni kuvua: "Tunamvua Bi Mkubwa nguo zote, hatua kwa hatua." Nikaenda zangu kufua.

Jumatano, 5 Machi
Maelfu! Tovuti imezidiwa, imezimika. Nimemkumbatia shangazi, akauliza nani kafa.
Kisha nikasoma maoni. Mmoja kavumilia mpaka mwisho, kaambulia sponji. Mwingine anataka arudishiwe bando lake.

Alhamisi, 6 Machi
Nimebadilisha jina: "Kubadilisha kitambaa cha sofa." Heshima imerudi, watu wameondoka. Leo kaingia mmoja. Mimi.
Binamu mhasibu kapiga simu: mama atataka chumba cha mbele au cha nyuma? Shangazi kasema chochote. Akaendelea kufuta mkasi wake. Mkasi wenyewe safi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimechoka kuona haya. Jina la kwanza limerudi. Uongo uko wapi — si tunamvua?
Simu ya karakana inalia tangu tufungue. Napokea, naulizwa kama Bi Mkubwa yupo, nasema ni sofa, inakatwa. Nyingine. Inakatwa. Mpaka sauti imenikauka.
Hii ya sasa shangazi kaiwahi. Nimempigia kelele asipokee — kapokea! Nimebaki na kalamu tu, sijui nitazame wapi. Anasikiliza. Anavua miwani.
"Ndiyo, baba, tunavua. Nguo zote."
Anavuta daftari la oda.
"Wa kwako ana miguu mingapi?"
Shangazi ananyoosha mkono, anataka kalamu yangu.
Huyu hajakata.