Baba Kwenye Magari ya Kitaliano

Jumapili, tarehe 9 Juni

Mdogo wangu,

Hatujambo, na paa la jikoni limezibwa. Leo nilimpeleka baba kwenye maonyesho ya magari ya kale ya Kitaliano, yale aliyokuwa akiyatengeneza wewe ukimshikia spana. Macho yake hayaoni tena, na watu anawachanganya. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini ya gari moja iliyokuwa ikinguruma, mpini sikioni, akasikiliza.

"Mzee, inasemaje?" mwenye gari akamtania.

"Inasema dereva wake ana haraka kama mwizi."

Watu wakacheka. Kisha baba akanyoosha mkono nyuma, akaniita kwa jina lako. Hajalitamka tangu alipokufukuza, miaka kumi na mmoja sasa.

"Umerudi, mwanangu?"

"Nimerudi, baba," nikasema.

Akanishika kiganja. "Nilikukosea. Nisamehe."

Nikamwambia yamekwisha.

Maneno hayo yalikuwa yako, nami nimeyapokea na kuyajibu bila ruhusa yako. Kama si hivyo ambavyo ungejibu, njoo umjibu mwenyewe. Daktari anasema moyo wake umechoka, hatamaliza mwaka.

Wako asiyejua kama alifanya vyema,

Kaka yako