Taa ya Vifaranga

Jumapili, 6 Julai
Nimetoka kanisani moja kwa moja kuja kazini, bustani ya nyoka. Nimefagia vizimba, nimebadilisha maji. Kobe wawili, kenge mmoja, nyoka tisa. Wote wapo. Siku ya nne ya mawingu, Mlima Meru hauonekani. Baridi ya kukaa na koti ndani. Subira, chatu wetu, amejikunja pembeni, na sungura niliyempa jana hajamgusa. Mzee Anaeli, mwenye bustani, yuko Dodoma kuozesha binti yake. Wiki mbili. Balbu aliyoining'iniza juu ya kizimba, nje ya wavu, haipashi hata sisimizi.

Jumatatu, 7 Julai
Sabasaba. Wageni wengi, na karibu wote wameuliza kama chatu amekufa. Imeniudhi. Nimefuga kuku wa nyama Kikatiti miaka kumi na moja, kwa mambo ya joto sifundishwi na mtu. Jioni nimeleta ile taa yangu kubwa nyekundu ya vifaranga, nimeifunga ndani ya kizimba, chini, karibu naye kabisa. Kanuni ninayo kichwani: vifaranga wakirundikana wana baridi, wakitawanyika mbali na taa wamezidiwa. Akizidiwa atasogea. Nimeondoka nikijisifu.

Jumanne, 8 Julai
Hakusogea.
Nimemkuta asubuhi amejizungusha kwenye taa, ametulia tuli. Nikafurahi. Nikatoa simu nimpige picha. Ndipo harufu ikanifikia, kama kwato zinapochomwa. Nimezima, nimemtoa. Ubavuni magamba yamegeuka kahawia, upana wa kiganja changu. Nimemwagia maji ya kawaida kwa muda mrefu. Mzee amepiga simu saa kumi na mbili kama kila siku. Shikamoo, marahaba, Subira anaendeleaje. Nimesema yuko salama. Mdomo wangu huu.

Alhamisi, 10 Julai
Malengelenge matatu. Nilikuwa nimeshachota samli nimpake, kama tulivyopakwa sisi utotoni. Nikasita. Nikampigia Daktari Rehema, anayetibu ng'ombe wa huku Lemara. Huyu ni nyoka wake wa pili maishani, kasema mwenyewe. Ameosha kwa iodini iliyochanganywa na maji, amepaka krimu ya kuungua, amemchoma sindano. Amesema maranda yote ya kizimbani yatoke, nitandike magazeti safi kila siku. Kisha akanieleza. Nyoka aliyepoa akipata kitu cha moto hukikumbatia, na nyama itaungua naye yupo tu, hajui kama anaumia. Taa haikai ndani, hata siku moja. Upande mmoja uwe na joto, wa pili ubaridi, achague mwenyewe. Akauliza kipimajoto kiko wapi. Nilikuwa napima kwa kiganja. Nimeona aibu mbele ya mtu niliyemzidi umri.
Nimemuuliza kama atapona. Amesema nafasi ipo, ila si kubwa.

Ijumaa, 11 Julai
Lengelenge moja limepasuka. Nimekwenda Kikatiti duka la pembejeo, nimenunua kipimajoto na themostati ya mashine ya kutotolea mayai. Muuzaji ananijua, ameuliza nimerudi kwenye kuku? Nimesema nimerudi.
Mahali pa balbu ndogo ya mzee nimening'iniza yenye nguvu zaidi, juu, nje ya wavu, upande mmoja tu. Waya wa kipimo nimeulaza pale pale anapolala mgonjwa. Ikifika nyuzi thelathini na moja taa inajizima yenyewe. Upande wa pili, ishirini na sita. Nimekaa saa nzima naitazama ikiwaka na kuzima. Kitu chepesi hivi. Mzee amepiga. Nimesema Subira amelala. Kweli alikuwa amelala. Bado ni uongo.

Jumapili, 13 Julai
Sikwenda kanisani. Kidonda kinatoa maji, na Subira hainui kichwa. Mzee alimpata akiwa mwembamba kama mkanda wa suruali. Mke wake alipofariki, alikuwa anakaa mbele ya kizimba hiki kutwa nzima, hataki kusemeshwa na mtu. Yote hayo nilikuwa nayajua wakati nafunga ile taa.
Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Saa nne asubuhi nimempigia mimi. Nimesema yote: taa, vifaranga, uongo wa siku tano. Akasema, "Mama Joshua, ungeniambia Jumanne, Jumanne hiyo hiyo ningepanda basi." Akakata.

Jumanne, 15 Julai
Amekuja. Harusi ni Jumamosi, na amekuja. Shikamoo yangu ameiitikia bila kuniangalia. Amekaa na Subira mpaka mchana. Amegusa wavu chini ya taa, amesoma kipimajoto, ameufuata ule waya kwa kidole hadi mwisho. Hajasema vizuri, hajasema vibaya. Jioni amerudi Dodoma na kuniachia chatu wake tena. Sijui ni imani au hana mtu mwingine. Sikuuliza. Nimelia stoo.

Jumatano, 6 Agosti
Kidonda kimekauka. Leo amekula panya mmoja mdogo. Nimempigia Daktari Rehema, nimempigia mzee. Mzee kasema "vema". Neno moja, nimelishukuru.

Jumamosi, 30 Agosti
Jua limerudi, mlima umetoka wote. Subira amejivua gamba wiki hii. Kwenye kovu ngozi ilinasa, ikabidi niiloweshe kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu mpaka ikaachia. Kovu limebaki, jeupe, limekunjamana.
Mama mmoja amekuja na watoto wake wawili, wakauliza huyu chatu alipatwa na nini. Mzee alikuwa amesimama kando yangu. Angeweza kujibu. Aliniangalia, akanisubiri.
Nimesema nilimuunguza mimi, kwa taa ya vifaranga, nikidhani na yeye hukimbia moto. Mtoto mkubwa akauliza kama alilia. Nikasema hapana, nyoka hawana sauti ya kulia, ndiyo maana inabidi mtu apime.
Mzee akaondoka, akaenda kuwawekea kobe maji.