Ng'ombe wa Kwenye Kichupa

Jumatatu, 4 Oktoba 1993

Saba kati ya ishirini! Mimi Rhobi, mtu mzima wa miaka ishirini na tatu, narudia mtihani wa kidato cha nne na bado tashbihi na sitiari zinanichezea. Mwalimu Kornelio anatufundisha jioni kanisani hapa Susuni. Leo kasoma jibu langu mbele ya wote. Swali: toa mfano wa tashbihi. Nimeandika: Mseti ni simba. Akauliza iko wapi "kama". Nikasema namjua huyo Mseti, anaogopa hata jogoo wetu, kwa hiyo "kama" nimeisikia mwenyewe. Wakacheka hao! Mwalimu akasema tashbihi inalinganisha, sitiari haiombi ruhusa — inasema hiki ndicho kile, basi. Sawa. Lakini kwa vyovyote vile Mseti si simba, au?

Alhamisi, 7 Oktoba

Mseti karudi kutoka machimbo ya Nyamongo. Vumbi hadi kwenye kope. Kaniambia mimi ni kama dhahabu. Nikamwambia hiyo tashbihi, unajiachia njia ya kutorokea. Akakuna kichwa. Haya, wewe ni dhahabu. Nilicheka, lakini — humu hasomi mtu — moyo ulidunda kweli.

Jumamosi anakuja kwa Baba na baba yake mdogo, mzee Waitara. Baba alishasema: binti yake hatoki mpaka ng'ombe waingie zizini kwa miguu yao. Nampenda huyu mwanaume. Baba akikataa sijui nitafanyaje.

Jumamosi, 9 Oktoba

Aibu! Nilikuwa jikoni na Mama, sikio ukutani. Wamekuja bila hata kwato moja. Mseti katoa kichupa cha penisilini — ndani dhahabu yake yote ya miezi minane. Huko machimboni kila kitu wanalipana hivyo, kadhani na mahari ni hivyo hivyo! Baba akakitikisa. Akauliza hii nini.

"Ni kama ng'ombe, mzee."

"Kama?"

Mzee Waitara akaona mambo yanaharibika, akadakia: "Ni ng'ombe! Hiyo ni ng'ombe kabisa!"

"Haya, mura," Baba akamwambia Mseti, "kamfunge zizini. Jioni tukamue."

Nilicheka mpaka Mama akanifinya. Halafu nikalia. Lakini nimeelewa! Mseti alilinganisha tu. Mzee Waitara akaitupa "kama" akasema ndiye mwenyewe. Mwalimu angempa alama zote. Baba hakumpa hata moja.

Kichupa kawarudishia. Hajasema ndiyo. Hajasema hapana pia — hilo nimelishika.

Jumatano, 13 Oktoba

Jaribio: kumi na nane! Mwalimu kauliza nimejifunzia wapi. Nyumbani, nikasema. Mseti kimya. Winfrida, jirani yetu, kasikia ameonekana mnadani. Au kauza ile dhahabu?

Jumapili, 17 Oktoba

Naandika nimesimama mlangoni. Mseti yuko pale langoni na mtamba mwekundu! Mmoja. Wengine wako njiani na mzee Waitara, anaapa. Huyu kafika langoni akalala. Hataki! Mseti anasukuma kwa bega, shati la kanisani limeshachanika. Majirani wamejipanga, kila mtu anatoa ushauri.

Baba katoka. Katazama meno. Kwato. Mgongo.

— Baba kashika kamba! Baba mwenyewe! Anamvuta kuja ndani! Ndani!

Nimetaka kukimbia nikasukume, Mama kanidaka gauni. Tangu lini, anasema, bibi harusi akasukuma mahari yake mwenyewe? Watu watasema nini?

Ng'ombe kanyanyua miguu ya nyuma. Ya mbele bado imepiga magoti. Mseti kaniangalia. Mama, niachie —