Nguzo ya Nyuma ya Pazia

Jumamosi, 8 Machi

Hili sijamwambia mtu. Wageni wakija, mimi huingia nyuma ya pazia la kona ya sebule, lile refu la kutoka darini, nikaganda. Na umri huu! Shuleni nasoma kwa lugha mbili, na zote mbili hunikaukia kooni.

Leo mjomba, mhandisi wetu, kaja na mwenzake. Wakasimamisha kimashine cha miguu mitatu, kinazunguka kikirusha leza, kinapima kila kona. Wanataka kujua kama ukuta wa chumba cha bibi unabomoleka, kiti chake cha magurudumu kipate kupita. Tokeni wote, mjomba akasema. Wakatoka. Mimi? Nilishaganda kwenye kona yangu, pazia limenigandama mwilini.

Jumapili, 9 Machi

Jamani! Mjomba kafungua kompyuta—nyumba yetu imegeuka nukta, mamilioni, kama vumbi kwenye mwanga wa dirisha. Unapita ndani ya kuta! Dari imebonyea kidogo, hakuna aliyejua. Hata mikunjo ya shuka la bibi imo. Nilisahau kupumua.

Jumatatu, 10 Machi

Leo mjomba kaibebesha modeli, ile nyumba ya nukta, uzito. Kompyuta inaupaka rangi: buluu pametulia, nyekundu pameelemewa. Uzito wa paa ukateremka kwenye boriti, ukatambaa, ukaingia—kona ya pazia.

"Kumbe pana nguzo!" mjomba akasema. "Kompyuta imeitambua yenyewe. Ukuta ukiondoka, boriti itaikalia hii."

Mwenzake akauliza, umeichungulia?

"Leza haidanganyi, bwana."

Bibi akacheka: nguzo ya nyumba hii ni mimi, tena nimeshapinda.

Nikaitazama. Nyembamba. Imeinama kidogo juu. Ina mabega!

Ni mimi. Paa zima kichwani kwangu, nami buluu tupu, nimetulia tuli. Mwili ukanisisimka. Sijawahi kujiona mkubwa hivyo.

Halafu nikaelewa: ukuta ukibomolewa, boriti haitakuwa na kitu chini yake. Nikafungua mdomo. Ulimi ukagoma.

Jumanne, 11 Machi

Mafundi wanabomoa kesho asubuhi. Bibi kajiegesha palepale chini ya boriti, anapima njia kwa macho. "Nitaingia sebuleni kama bibi harusi!" Mama anamwambia asianze kuringa mapema.

Nimefanya mazoezi kwenye kioo. Mjomba, ile nguzo... Kwa lugha ya kwanza, kisha ya pili. Mbele ya kioo zote zinatoka, tena kwa madaha.

Ndala koridoni. Ni mjomba, ndiye anayeziburuta hivyo—anakuja kuaga. Naficha karatasi hii chini ya godoro.

Karatasi tu. Mimi nabaki hapa mlangoni.