Ua la Mawe Ndani ya Kopo

Bugolobi, Kampala

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku tu wazima, na naomba barua hii ikukute miguu imepungua kuvimba. Zuhura ameota meno mawili ya juu na anauma kila anachoshika, hata mimi. Baba yake bado yuko Juba kikazi. Simu yake hupatikana mara moja moja.

Bi Mwajuma atakapofika na kopo badala ya mjukuu wako, usimgombeze. Ulimtuma amchukue Zuhura akirudi na mzigo wake wa vitenge, naye alikuja mpaka getini, kanga ya kumbebea iko begani. Mimi ndiye niliyekataa. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unaanza kulia, na mimi nasahau maneno.

Uliniambia mtoto halelewi kwenye nyumba ya watu. Basi nikueleze nyumba yenyewe. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu, tunamwita Jaja, ndivyo bibi anavyoitwa huku. Napika na kufua, Zuhura yuko mgongoni. Nyuma ya nyumba kuna kilima kidogo cha mawe alichokipanga mwenyewe, na katikati ya mawe kapanda ua analoliita saksifraga. Majani yake ni ya duara, yana manyoya, juu mishipa myeupe, chini mekundu. Linatoa nyuzi nyembamba nyekundu, na mwisho wa kila uzi ananing'inia mtoto, yaani mche mdogo wenye majani yake.

Jaja alipokwenda kwa binti yake huko Mbarara aliniachia neno moja: nimwagilie kidogo, changarawe ikikauka. Mimi nikayaonea huruma yale maua, yamekonda kwenye mawe kama hayana mwenyewe. Nikaenda soko la Kalerwe nikatafuta samadi na udongo mweusi, nikayashindilia kama unavyofanyia mchicha wako, nikamwagilia asubuhi na jioni. Yakanenepa. Nikajisifu. Halafu mvua zikaja, udongo ukashika maji, mioyo ya maua ikaoza. Ukigusa, jani linabaki mkononi.

Jaja akarudi. Nilikuwa nimeshaanza kukunja nguo za Zuhura, maana nilijua atanifukuza, na nyumba nyingine ya kunipokea na mtoto mgongoni sijaiona Kampala. Akasimama pale kwenye mawe na mkongojo wake.

"Nani alikuambia hii maua iko na njaa?"

Akaguna, akasema mimi hata jiwe ningelinenepesha, kisha akanituma nilete jembe dogo.

Tuliondoa udongo wote ule. Tukakata yaliyooza, tukajaza changarawe, mchanga mkubwa na vipande vya matofali, ili maji yapite yasilale. Yaliyopona tukayahamishia upande ambao jua la mchana halifiki. Shina moja lilikuwa na watoto wazima. Nikachukua mkasi niwakate upesi niwapande mbali, wasije wakaoza kama wengine. Jaja akanishika mkono.

"Wacha kwanza. Hii mtoto bado inakula kwa mama yake."

Akaomba kibanio changu cha nywele, kile cha waya, akambana mtoto kwenye changarawe bila kukata uzi. Tangu hapo nilikuwa namvuta jani polepole kila nikipita na ndoo. Akifuata mkono, bado. Akigoma, ana mizizi yake, ndipo unakata.

Mama, sikufundishi kulea. Sisi sote tumepita mikononi mwako. Nimechoka, ni kweli, Bi Mwajuma atakwambia macho yangu yalivyo. Lakini Zuhura bado ananyonya, na halali mpaka ashike sikio langu. Sitamtuma na mtu. Akishaacha ziwa na kutembea nitamleta mwenyewe, akuamkie kwa mdomo wake, ushinde naye utakavyo, kisha tutarudi wote wawili. Usilipange tena hili bila mimi.

Huyu wa kwenye kopo aligoma nilipomvuta, kwa hiyo nimemkata. Kopo nimelitoboa chini. Mweke nyuma ya jiko penye kivuli, maji kidogo kwenye changarawe, si katikati ya majani.

Nisalimie mdogo wangu anayekuchotea maji, na mjomba anayeuza mawese, umwambie Zuhura kachukua paji lake la uso, lote.

Mwanao, mkaidi kama wewe,
Mama Zuhura

Samadi ya mbuzi wako iache palepale ilipo. Hana njaa.