Babu, Nilidhani Mkeo ni Mimi Peke Yangu

Babu, mume wangu,

Shikamoo. Bibi amekwenda sokoni, nimekaa kwenye kiti chako barazani nikuandikie.

Arobaini yako ilisomwa Ijumaa. Zuhura, mjukuu mwenzangu, alikuja kutoka Ziba na mama yake. Tulipokuwa tunachambua mchele akawaambia wanawake wote, tena kwa sauti, "Mimi mume wangu alikuwa ananifundisha Kiingereza kila likizo. Kamusi yake aliniahidi mimi." Wakacheka. Bibi akasema, "Haya, wake wenza wangu, msing'oane nywele, mume mwenyewe hayupo." Nami nikacheka. Unanijua, mbele ya watu siwezi kusema.

Lakini iliniuma. Najua kila babu huwaita wajukuu zake wa kike wake zake, ni utani tu. Ila mimi nilikuja kila Jumamosi tangu kidato cha kwanza, nikakusomea kamusi macho yako yalipochoka, ukaniita mke mdogo. Nikaona inatosha.

Neno letu la mwisho lilikuwa "presume". Ulisema ni kuchukulia jambo kuwa kweli kwa sababu dalili unazo, ingawa hujathibitisha. Ni neno la barua rasmi, nisiende nalo dukani. Ulipokuwa karani wa stesheni ya Tura, mzigo ukichelewa sana uliandika "presumed lost", kwamba unadhaniwa umepotea. Halafu siku moja unashushwa kwenye behewa, mzima kabisa. "Kwa hiyo ukiliandika," ukaniambia, "acha nafasi chini yake."

Mimi sikuacha nafasi. Dalili nilikuwa nazo, basi nikajua mke ni mimi. Kabla vitu vyako havijagawanywa niliificha kamusi kwenye begi langu la shule. Wakaitafuta nyumba nzima. Zuhura akalia, nami nikaendelea kupepeta mchele.

Babu, nisamehe. Jumapili nitapanda gari hadi Ziba, nitampa mkononi na kumwambia nani aliichukua. Nakuahidi. Wivu bado ninao, sikudanganyi. Nitamuuliza ulimfundisha maneno gani, na kama "presume" limo, sijui nitaiweka wapi sura yangu. Lakini safari hii nitauliza kwanza.

Pumzika, mume wangu. Hapa chini nimeacha nafasi.



Mkeo mdogo, mmojawapo,
Mwajuma