Nyumba ya Baba Niliivunja Mimi

Mudzipela, Bunia
Tarehe 21 Januari 2025

Mpendwa mudogo wangu Dany,

Nakusalimia katika jina la Yesu, weye pamoja na Lydie na watoto. Baridi ya Liège inawafanya namna gani? Na mugongo wako? Siye tuko wazima, Mungu anatulinda. Binti yangu Rebecca anakusalimia sana.

Filme yako tuliiona. Isidore, kijana wa kanisa letu, alileta komputa hapa nyumbani Jumatano moja, baada ya maombi ya wamama. Tulifurahi kuona soko na mapikipiki. Kisha ikafika parsele yetu, kiwanja cha baba. Sauti yako inasema kwa Kifaransa kwamba vita ilikula nyumba ya baba, na pori limeota ndani ya salon ya wageni. Isidore alitafsiri, wamama wakanigeukia mimi.

Dany, nyumba ile niliivunja mimi. Ukuta wa nyuma ulikuwa umelala, karibu uangukie kitanda cha Rebecca, basi nikachukua nyundo. Tulibomoa siku nne, mimi na jirani yetu Suzanne. Matofali mazima iko nyuma ya jikoni, tumeyafunika, yanangoja kujenga. Na hilo pori lako ni maharage yangu. Tulishayakula.

Kosa langu ni moja. Ulipokuja kupiga filme, ukawa unalia pale na kamera, nilifikiri unamulilia muzee baba, nikakuacha. Hukuuliza, nami sikusema.

Sikatai vita. Tulikimbia mara tatu, mara moja kwa miguu mpaka Mambasa, nikikushika mukono. Lakini Suzanne ni wa kabila la upande ule mwingine, unajua. Filme ilipoisha alisimama mulangoni, akaniuliza pole pole: "Domitille, kumbe ni siye tulichoma kwenu?"

Mikono ile ile iliyobeba matofali yetu! Tangu siku ile haji tena kwa maombi. Nilimufuata mara mbili, ananipokea kama mugeni.

Miaka mingi tumefanya kazi ya kukaa pamoja. Filme ya dakika hamsini haitaharibu kazi hiyo, sitakubali. Useme ukweli, kwa sauti yako ile ile. Kama Wazungu hawatalia, wasilie. Mimi siombi huruma ya mutu.

Flash ya Isidore, ile yenye filme, iko ndani ya Biblia yangu, na kanisani haitaonyeshwa. Karatasi ya ruhusa uliyotuma nitie sahihi, ili uonyeshe filme huko mwezi wa nne, nairudisha ndani ya bahasha hii, tupu. Njoo mwezi wa pili na kamera yako, kabla ya mvua. Utatukuta tunapandisha ukuta. Kama Suzanne amerudi, utamupiga picha na tofali mukononi. Kama bado, utabisha kwake weye mwenyewe, bila kamera.

Shangazi Immaculée na kaka Gaspard wanakusalimia. Mungu akufunike mchana na usiku, akufungue na macho.

Sahihi yangu ni hii hapa, kwenye barua tu.

Yaya wako, dada mukubwa anayekupenda bila kukuogopa,
Domitille